Barua kutoka Bologna: Kazi Ipo, wa Kumwuliza Hayupo

Bologna, Italia

Kwako rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote hapo nyumbani. Mimi huku sijambo, isipokuwa baridi tu, ambayo kila mwaka hudhani nimeizoea na kila mwaka hunishinda. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini, hususan pale ulipouliza kama ni kweli kwamba vijana wa Ulaya wanakosa kazi kwa kuwa kompyuta zimewanyang'anya. Nimeona nikujibu kwa kirefu.

Hapa Italia ukosefu wa ajira kwa vijana ulikuwapo kabla watu hawajaanza kuzilaumu mashine. Mwaka 2014, miongoni mwa vijana wa chini ya miaka 25 waliokuwa kwenye soko la ajira, zaidi ya asilimia 40 hawakuwa na kazi, na chanzo chake kilikuwa ni msukosuko wa uchumi ulioikumba nchi kwa miaka mfululizo. Kilichobadilika tangu hapo, kwa jinsi ninavyoona mimi, ni kwamba kazi ya kujishikiza imekuwa rahisi kuipata kwa simu, lakini msimamizi ambaye mfanyakazi angeweza kumwendea na kumwuliza "kwa nini?" ametoweka.

Katika jengo ninamopanga yupo kijana mwenye shahada ya historia ambaye jioni hupeleka vyakula kwa baiskeli. Utamkuta amesimama chini ya matao yale marefu yanayofunika njia za waenda kwa miguu mjini hapa, simu ameifunga kwenye usukani, akisubiri ilie. Ikilia, humwonyesha mkahawa, umbali na malipo, naye ana sekunde chache za kukubali au kukataa. Siku moja akaunti yake ilifungwa ghafla, na alipoandika kuuliza sababu alijibiwa kwa ujumbe wa maneno yale yale kila alipoandika. Baadaye ilifunguliwa, pia bila maelezo. Aliniambia kwamba kilichomkera zaidi ya fedha alizokosa ni kutojua alikosea nini, na hivyo kutojua ajirekebishe wapi.

Usidhani kwamba vijana hao wamekaa kimya. Mji huu ndio uliotoa kesi mojawapo inayotajwa sana Ulaya kuhusu jambo hili. Kampuni ya kupeleka vyakula ya Deliveroo ilikuwa na programu ya kugawa zamu iliyopewa jina la Frank, kama vile ni mtu, na programu hiyo iliwapanga wafanyakazi kwa alama za namna mbili: uaminifu wa kuhudhuria zamu walizojiandikisha, na kujitokeza saa za wateja wengi, yaani kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, Ijumaa hadi Jumapili. Kila Jumatatu wenye alama nzuri waliruhusiwa kuchagua zamu saa tano asubuhi, waliofuata saa tisa alasiri, na wa mwisho saa kumi na moja jioni, ambapo ni rahisi kukisia ni zamu za aina gani zilizokuwa zimesalia. Vyama vya wafanyakazi vilishtaki, na tarehe 31 Desemba 2020 mahakama ya Bologna iliamua kwamba utaratibu huo ulikuwa wa kibaguzi, kwa sababu haukutofautisha kati ya aliyeacha zamu kwa uzembe na aliyeiacha kwa ugonjwa au kwa mgomo halali. Kampuni iliamriwa kulipa euro 50,000.

Hoja hiyo ndiyo niliyotaka uione. Msimamizi mkali, hata awe mkali namna gani, akiambiwa kwamba fulani amelazwa hospitalini hawezi kujifanya hakusikia. Programu haikuwekewa mahali pa kusikia, na mahakama iliona kwamba kutomwekea masikio huyo Frank ulikuwa ni uamuzi wa kampuni yenyewe, si hali ya maumbile. Ninakubaliana nayo kabisa, maana nimechoshwa na watu wanaosema "mfumo umekataa" kana kwamba mfumo huo ulishuka pamoja na mvua.

Kabla ya kesi hiyo, Mei 2018, halmashauri ya mji, vyama vya wafanyakazi, umoja wa wapeleka vyakula wenyewe na baadhi ya kampuni za hapa walikuwa wametia saini hati ya haki za msingi za kazi za kidijitali mjini. Kampuni kubwa za kimataifa hazikuwamo mwanzoni, kwa hiyo nguvu yake ilikuwa ndogo, lakini mazungumzo yalikuwa yameanza. Mwezi Oktoba 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo ambalo nchi wanachama zimepewa hadi Desemba 2026 kuliingiza katika sheria zao. Linataka uamuzi wa kufunga akaunti ya mfanyakazi ufanywe na binadamu, na mfanyakazi apewe sababu zake kwa maandishi. Fikiria, rafiki yangu, imebidi itungwe sheria ili mtu afukuzwe kazi na mtu!

Wale wa maofisini mambo yao ni tofauti, na kwa kweli wengine wamenufaika. Tangu karantini ya mwaka 2020 wapo vijana wa kusini, wa Sicilia na Puglia, waliogundua kwamba wanaweza kuendelea kufanya kazi za Milano wakiwa nyumbani kwao, bila kodi za nyumba za huko ambazo humeza sehemu kubwa ya mshahara. Wao lalamiko lao ni kwamba siku ya kazi haina mwisho, ingawa sheria ya mwaka 2017 inadai mapatano ya kazi za namna hiyo yaeleze muda wa kupumzika na namna ya kujitenga na vifaa vya kazi. Hata hivyo msimamizi wao ana jina na namba ya simu, na ndiyo maana siwaonei huruma sana.

Mdogo wako akija na wazo lake la kutafuta kazi za mtandaoni, usimkataze, ila mshauri aulize mapema nani atamjibu siku akaunti ikifungwa. Hilo agizo la Ulaya linahusu kazi zinazofanyika ndani ya Umoja wa Ulaya tu, ilhali kampuni nyingine za aina hii zimevuka mipaka zamani: Bolt, ambayo wewe huitumia kuita bajaji hapo Dar es Salaam, ilianzishwa Tallinn, Estonia, mwaka 2013. Kwa hiyo nami nina swali kwako. Madereva wa hapo, mmoja wao akifungiwa, huenda kulalamika wapi, na je, wana chama kinachowasemea? Waulize wale wa kituoni kwenu kisha uniandikie, kwa sababu jirani yangu naye ameniuliza na sikuwa na jibu.

Nisalimie mama na wadogo wote.

Wasalaam,
Ni mimi rafikiyo