Barua ya wazi kwa Meya wa New York: amri ya siku tano isigeuke ya miaka

Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la New York,

YAH: MATUMIZI YA MAMLAKA YA DHARURA

Mheshimiwa, nakuandikia kuhusu karatasi ambayo wakazi wengi wa jiji hili hawajawahi kuiona. Ni amri ya dharura inayotoka ofisini kwako, ina namba na sahihi ya meya, na ikishatiwa sahihi inaweza kuweka kando sheria iliyojadiliwa na kupitishwa na Baraza la Jiji. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu sisi tunaokizungumza tupo hapa, amri hizo zinatubana kama zinavyombana kila mtu, na jambo hili hatulizungumzi vya kutosha.

Kwanza niseme wazi kwamba sipingi meya kuwa na mamlaka haya. Usiku wa tarehe 1 Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalipomwaga mvua juu ya jiji, watu 13 walifariki, na 11 kati yao walikuwa katika makazi ya chini ya ardhi, wengi wao katika eneo la Queens. Maji yaliingia kwa kasi kiasi kwamba mtu aliyekuwa amelala hakupata nafasi ya kufika mlangoni. Usiku kama ule meya hawezi kusubiri madiwani waitwe, wakae, wabishane, wapige kura. Lazima afunge barabara na afungue makazi ya muda saa ileile. Anayetaka kumnyang'anya meya uwezo huo hajafikiria vizuri.

Lakini waliotunga sheria ya jimbo walijua hatari ya kumpa mtu mmoja uwezo mkubwa hivyo, wakaufunga kwa muda. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Utendaji ya jimbo la New York kinasema hali ya dharura ya eneo isizidi siku 30, na kila amri inayotolewa chini yake isizidi siku tano. Meya anaweza kuiongeza kwa siku tano nyingine, na nyingine tena, na kila mara anapotaka kuendelea kusimamisha sheria anatakiwa apime upya hali yote ilivyo. Siku tano ni chache kwa makusudi. Zinamlazimisha meya arudi mezani na ajiulize kama hatari bado ipo, au imebaki amri tu.

Sasa tazama kilichotokea Rikers, kisiwa chenye magereza makubwa ya jiji. Septemba 2021, Meya Bill de Blasio alitangaza dharura katika magereza ya jiji. Hali ilikuwa mbaya kweli: askari magereza wengi hawakuwa wakifika kazini, na mahabusu walikaa bila huduma za msingi. Amri ile ilisimamisha baadhi ya viwango vya chini vilivyowekwa na Bodi ya Magereza kwa ajili ya kuwalinda watu hao, ambao wengi wao hawajahukumiwa, wanasubiri kesi. Januari 2022 akaingia Meya Eric Adams, akaendelea kuiongeza siku tano kwa siku tano, mwaka baada ya mwaka. Katika mwaka wake wa kwanza madarakani, watu 19 walifariki wakiwa mikononi mwa idara ya magereza ya jiji au mara tu baada ya kuachiwa. Kama dharura ilitangazwa ili kuokoa maisha, idadi hiyo peke yake ilitosha kuwafanya wakubwa wakae chini na kuuliza amri inafanya kazi gani.

Halafu likaja la 2024, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Desemba 2023 Baraza la Jiji lilikuwa limepitisha sheria ya kukomesha kifungo cha upweke, yaani kumfungia mtu peke yake chumbani kutwa kucha. Meya aliikataa. Mwishoni mwa Januari Baraza likaipitisha tena kwa kura 42 dhidi ya 9, ikawa Sheria ya Jiji namba 42. Hatua zote za kidemokrasia zilifuatwa, na meya alipata nafasi yake ya kupinga, akashindwa. Sheria ilitakiwa kuanza tarehe 28 Julai. Siku moja kabla, meya akatangaza hali ya dharura na kusimamisha sehemu zake muhimu. Najua msimamizi huru wa magereza hayo, aliyewekwa na mahakama ya shirikisho, alikuwa ameeleza wasiwasi kuhusu utekelezaji wake, na hoja zake zilistahili kusikilizwa. Mahali pa kuzisikiliza palikuwa ndani ya Baraza, kwa kurekebisha sheria. Badala yake, kura 42 zilizimwa kwa sahihi moja. Mvua inaweza kuja bila taarifa. Sheria hii ilijulikana miezi sita kabla.

Fedha nazo zinapita kwenye mlango huohuo. Wakati wa ujio wa waomba hifadhi, ambao dharura yake ilitangazwa Oktoba 2022, jiji liliingia mkataba wa dola milioni 432 bila ushindani wa zabuni, na Mdhibiti wa Fedha wa jiji alipokataa kuuidhinisha mkataba ukaendelea. Sitaingia ndani zaidi hapo, maana linahitaji barua yake.

Mheshimiwa, ninachoomba kiko ndani ya uwezo wako leo. Dharura yoyote ikivuka siku 30 za kwanza, ipeleke mbele ya Baraza la Jiji na uombe kura ya wazi kabla hujaiongeza. Kifungu cha 24 hakikulazimishi. Kufanya hivyo kwa hiari kungeonyesha kwamba huogopi kuulizwa. Na kila unapoongeza amri, usinakili maneno ya wiki iliyopita. Andika hali ilivyo leo: askari wangapi hawakufika kazini wiki hii, kifungu gani cha sheria bado kinazuia kazi ya uokoaji na kwa nini, na ni kitu gani kikitimia utaiondoa amri.

La mwisho ni lugha. Kuvunja amri ya dharura kwa kujua ni kosa la jinai. Juni 2020, wakati wa maandamano baada ya George Floyd kuuawa mikononi mwa polisi, jiji liliwekewa marufuku ya kutoka nje kuanzia saa tano usiku, na kesho yake muda ukasogezwa hadi saa mbili usiku. Fikiria mtu anayetoka zamu jioni, ambaye saa ya jana ndiyo anayoijua. Sheria ya Jiji namba 30 ya 2017 inataka nyaraka muhimu zitafsiriwe katika lugha kumi, na Kiswahili hakimo. Sidai kiingizwe kesho kwenye orodha hiyo. Nadai amri yoyote inayoweza kumpeleka mtu mahabusu isomwe pia katika lugha za watu ambao hawamo kwenye lugha hizo kumi, hata kwa sauti iliyorekodiwa, siku ileile inayotiwa sahihi.

Nasubiri jibu lako, na nitalichapisha lote kama litakavyokuja.

Wako,
Mkazi wa jiji lako