Pauni 20 za Bibi Rowlandson

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati. Katika barua yako uliniuliza ni nani hasa aliyekuwa akitoa pesa pale mtu alipotekwa vitani katika makoloni ya Waingereza kule Marekani. Nimelifikiria swali hilo kwa siku nyingi, na naona njia bora ya kulijibu ni kukusimulia habari za Mary Rowlandson, kwa kuwa katika kisa chake tunaweza kuifuata fidia tangu ilipotajwa hadi ilipolipwa.

Bibi huyu alikuwa mke wa mchungaji wa Lancaster, mji mdogo wa Massachusetts. Mwezi wa Februari 1676, wakati wa vita kati ya walowezi na wenyeji waliomfuata Metacom, ambaye Waingereza walimwita Mfalme Philip, mji huo ulivamiwa jua lilipokuwa likichomoza. Katika nyumba aliyokuwamo mlikuwa na watu 37; waliouawa ni 12, waliochukuliwa mateka ni 24, na aliyeponyoka ni mmoja tu. Mumewe hakuwapo, maana alikuwa amekwenda kuomba askari. Binti yake mdogo, Sarah, mwenye umri wa miaka 6, alipigwa risasi akiwa amebebwa na mama yake, akafa siku ya tisa. Binti mwingine aliuzwa na mtu aliyemteka, na bei yake ilikuwa bunduki moja.

Majuma yalipita katika njaa na kuhamahama, kwa sababu watekaji nao walikuwa wakifukuzwa na hawakuwa na chakula. Kisha akaitwa mbele ya baraza la wakuu wao, akaulizwa mumewe atatoa kiasi gani ili kumkomboa. Hapo ndipo ninapokwama kila ninaporudia habari hii: mateka mwenyewe ndiye aliyetakiwa kujipangia bei. Alijua kwamba mali yao yote ilikuwa imeteketea. Akitaja kidogo, wangemdharau na mazungumzo yangevunjika. Akitaja kingi, hakujua kingepatikana wapi. Akasema pauni 20, huku akiwasihi wapokee pungufu ya hapo. Hawakukubali, wakapeleka neno Boston kwamba kwa pauni 20 atakombolewa. Aliyewaandikia barua hiyo alikuwa mwenyeji aliyebatizwa, mmoja wa wale waliofundishwa kusoma na kuandika na walowezi wenyewe.

Kabla sijafika kwenye pesa, sina budi kukueleza habari za wajumbe, kwa maana naona wamesahauliwa isivyo haki. Barua za kwanza kutoka kwa baraza la koloni zilipelekwa na wenyeji wawili Wakristo, Tom Nepanet na Peter Conway. Vita vilipoanza, wakuu wa koloni hawakuwaamini hata wenyeji waliokuwa wamebatizwa, wakawahamishia mamia yao Deer Island, kisiwa cha bandari ya Boston, ambako wengi walikufa kwa baridi na njaa. Nepanet alitolewa huko kisiwani, akapewa barua, akatumwa kupita katikati ya pande mbili ambazo zote zingeweza kumuua kwa kumdhania msaliti. Yaani aliyetumwa kumtafutia mtu uhuru alikuwa mfungwa wa hao hao waliomtuma. Wajumbe walipokwenda mara ya tatu walifuatana na John Hoar wa Concord, mlowezi aliyejitolea kwa hiari yake. Alipokaribia kambi, risasi zilipigwa juu ya farasi wake na mbele yake. Tarehe 2 Mei 1676 Bibi Rowlandson aliachiliwa, baada ya kukaa utekani majuma 11 na siku kadhaa.

Sasa nijibu swali lako. Katika masimulizi aliyoyaandika mwenyewe, yaliyochapishwa mwaka 1682, anasema pauni zile 20 zilichangwa na baadhi ya mabibi wa Boston pamoja na Bwana Usher. Anawashukuru kwa maneno ya upendo, lakini anayetajwa kwa jina ni huyo bwana peke yake. Mabibi wale walikuwa wangapi, kila mmoja alitoa nini, ni nani kati yao aliyepita nyumba kwa nyumba wakati mji umejaa wakimbizi na kila familia ina watu wake wa kulilia? Ningetoa kingi kuyajua majina yao. Mwanawe Joseph naye alikombolewa, kwa pauni 7. Na yule binti aliyeuzwa kwa bunduki alirudi bila kulipiwa chochote.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kuliacha, ingawa hukuniuliza. Mwaka huo huo mke wa Metacom alikamatwa pamoja na mwanawe mwenye umri wa miaka 9. Wachungaji wa koloni walijadiliana kwa barua, wakipekua Biblia, kama mtoto huyo auawe kwa ajili ya makosa ya baba yake. Hatimaye aliuzwa utumwani, kama walivyouzwa mamia ya watu wa kabila lake, wengine wakapelekwa visiwa vya Karibi. Mji ulioweza kuchanga pauni 20 kwa ajili ya mama mmoja haukumchangia mtoto huyo, na jamaa zake ambao wangeweza kumkomboa walikuwa wamekufa, au walikuwa wakiuzwa pamoja naye. Siulaumu mchango wa mabibi wale hata kidogo, kwani ulimrudisha mama kwa watoto wake waliosalia. Ila ninapoihesabu fidia ile, mtoto wa Metacom ananijia akilini kila mara.

Ukipata nafasi niandikie, unieleze wewe unamwonaje Nepanet: kama alikubali kwenda kwa imani, kwa huruma, au kwa kutaka tu kutoka kisiwani.

Wako akupendaye.