Tusipange hospitali kwa alama tupu

Mhariri,

Zinanisikitisha orodha zinazopanga hospitali kwa kuridhika kwa wagonjwa bila kueleza nani aliulizwa, lini na vipi. Mgonjwa anayepewa dodoso angali kitandani, muuguzi kasimama pembeni, atasema nini zaidi ya "huduma ni nzuri"? Sindano ya jioni bado inamsubiri.

Nchini Marekani, dodoso la kitaifa la HCAHPS, ambalo matokeo yake hutangazwa kwa umma tangu 2008, hutolewa kuanzia saa 48 baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Tena haliishii kwenye "umeridhika?" Linauliza kama alielezwa dawa mpya ni ya nini, na pia iwapo wodi ilikuwa tulivu usiku. Kisha alama hurekebishwa, maana wazee kwa kawaida hutoa alama za juu kuliko vijana, na wenye afya dhaifu hutoa za chini. Bila hivyo, hospitali inayopokea wagonjwa wa hali mbaya inaonewa waziwazi.

Naomba gazeti lako, kabla ya kuchapisha orodha nyingine, liwadai waandaaji maswali yenyewe waliyouliza.

Msomaji wako