Kuhusu zile RNA ulizoniuliza

Münster, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo? Na mama anaendeleaje? Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu ndani ya basi. Unauliza, mama akipimwa zile RNA ulizozisoma, yaani molekuli za ndani ya seli, mtajua kama atapona hii saratani ya matiti?

Leo nimeshinda nazo. Vichupa nimevizika kwenye barafu, glavu nabadilisha kila nikigusa kitasa, maana ngozi yetu ina vimeng'enya vinavyoila RNA. Ukizubaa, kazi ya wiki nzima imekwenda na maji.

Shuleni tulifundishwa kuwa RNA hubeba maagizo ya kutengeneza protini. Kumbe zipo chungu nzima zisizotengeneza protini yoyote, na baadhi yake ndizo zinazoamua jeni ipi iwashwe, ipi izimwe. Mojawapo inaitwa MALAT1. Mwaka 2003, hapa hapa Münster, watafiti walipima uvimbe wa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyokuwa bado changa. Uvimbe uliokuja kusambaa baadaye ulikutwa na MALAT1 nyingi zaidi. Hata jina lake limetokana na huko kusambaa, na wengi wakaona mchawi kapatikana.

Mwaka 2018 watafiti wa Houston wakaiondoa kwenye panya wenye saratani ya matiti. Ajabu, saratani ikazidi kusambaa mapafuni! Walipoirudisha, ikapungua. Huyo mchawi, angalau kwa panya wale, alikuwa mlinzi. Mimi nilicheka, lakini wapo waliokuwa wameshaitafutia dawa ya kuizima.

Ndiyo maana siipendi hiyo habari ya “kipimo cha kutabiri”. Hata pale kinapokubali, kinasema kundi la wagonjwa lenye RNA hiyo nyingi huwa na hali mbaya zaidi kuliko kundi lenye chache. Mama yako si kundi.

Kesho mkienda kliniki, ulizeni hivi: kile kinyama kilichokatwa kimepimwa vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni? Na HER2, ile protini inayochochea seli kukua, je? Tezi za kwapani zimeguswa? Hayo ndiyo yanayomwongoza daktari kuchagua dawa. Omba majibu ya karatasi, uyapige picha unitumie. Usimwachie kaka yako, ataipoteza kama ile kadi ya mwanzo.

Mwambie mama shikamoo yangu. Ule ubuyu alionifungia bado upo. Nakula punje mbili kwa siku.

Wako,
Zuhura