Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tiki zimejaa kwenye fomu, sasa mtazame mezani

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Wizara ya Afya,
Mtumba, Dodoma.

YAH: ORODHA YA USALAMA WA UPASUAJI KUGEUZWA KARATASI YA FAILI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali nane duniani zilijaribu orodha hiyo, karatasi moja yenye vipengele 19. Zilikuwa Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu ya Kilombero: Hospitali ya Mtakatifu Francis, wakati ule ikiwa hospitali teule ya wilaya. Kazi hiyo ya Shirika la Afya Duniani iliongozwa na daktari mpasuaji wa Boston, Atul Gawande, na matokeo yakachapishwa Januari 2009. Walifuatiliwa wagonjwa 3,733 kabla karatasi haijaanza kutumika na 3,955 baada ya hapo. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madhara makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Mtanzania akiambiwa orodha hii ni mambo ya Wazungu, ana haki ya kucheka.

Tunaandika kwa sababu karatasi ile sasa imo kwenye mafaili, ila mezani mara nyingi haipo. Mgonjwa akishatolewa thieta, mtu mmoja anakaa na kalamu moja, anapiga tiki 19 kwa mkupuo. Usimamizi shirikishi, yaani wakaguzi kutoka ngazi za juu, ukija, unafungua mafaili, unakuta tiki, unatoa alama nzuri, unapanda gari.

Matokeo ya mtindo huu yanajulikana. Jimbo la Ontario nchini Kanada liliagiza hospitali zake zote zitumie orodha na kuripoti kiwango cha utekelezaji. Hospitali zikaripoti zaidi ya asilimia 90. Watafiti walipopima hospitali 101, miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada, vifo vilikuwa asilimia 0.71 vikawa 0.65, tofauti ndogo isiyothibitisha kitu. Utafiti huo wa 2014 ulitumiwa na wengi kusema orodha haifanyi kazi. Sisi tunausoma vingine: kinachopimwa kwa tiki huzaa tiki. Hata katika utafiti wa hospitali nane, chini ya macho ya watafiti, waliofanyiwa hatua zote sita za msingi walipanda kutoka asilimia 34.2 hadi 56.7 tu. Kazi ni ngumu. Ripoti ya asilimia 98 inapaswa kumtia wasiwasi anayeipokea.

Orodha ina vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka. Turuhusu tueleze pale inapovunjika na kwa nini, maana marekebisho yake si ya semina.

Kituo cha kwanza kinauliza kama oksimita, kifaa cha kupima oksijeni ya damu, imewekwa kidoleni na inafanya kazi. Kifaa hiki tunadaiwa na mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, aliyeibuka nacho 1974. Alikuwa anapima jambo jingine kabisa, mapigo ya mshipa yakawa yanamvurugia vipimo, akatambua kwamba usumbufu ule ule unaweza kutumika kusoma oksijeni ya damu bila kuchoma sindano. Mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi hupita kidoleni, damu yenye oksijeni na isiyo nayo huumeza kwa viwango tofauti, mashine inapiga hesabu. Aoyagi alifariki Aprili 2020, dunia nzima ikigombania kifaa chake.

Jicho haliwezi kushindana nacho. Rangi ya midomo hubadilika kwa kuchelewa, na kwa ngozi nyeusi huchelewa kuonekana zaidi. Lakini oksimita nayo ina vituko vyake. Kidole cha baridi hakisomi. Mkono wenye kamba ya presha hupoteza mapigo kila presha inapopimwa. Piko na hina nyeusi huzuia mwanga, kwa hiyo bibi harusi wa juzi awekewe sikioni au kwenye kidole cha mguu kisichopakwa. Sauti ya mapigo hushuka kadiri oksijeni inavyoshuka, na hiyo ndiyo faida yake kubwa, kwani mtaalamu wa usingizi anaisikia akiwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Sasa tembelea thieta uone ni ngapi zimezima sauti kwa sababu inakera.

Kuna jambo jingine ambalo mafunzo mengi hayaligusi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 uliangalia wagonjwa ambao oksimita iliwasoma oksijeni kati ya asilimia 92 na 96. Miongoni mwa weusi, asilimia 11.7 walikuwa na oksijeni halisi chini ya 88. Miongoni mwa weupe, asilimia 3.6. Kifaa kinatusomea juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo kengele ipigwe ikishuka chini ya 94, na anayengoja 90 ndipo ashtuke amechelewa. Na manunuzi yahesabu waya wa kidoleni kama kitu kinachoisha, maana ndio unaokufa kwanza, mashine nzima ikabaki kabatini kwa kukosa kipande hicho.

Kituo hicho hicho kinauliza juu ya damu. Kama inatarajiwa kumwagika zaidi ya mililita 500, au mililita 7 kwa kila kilo kwa mtoto, basi njia mbili za mshipa ziwe wazi na maji au damu viwe tayari kabla ya usingizi. Mtoto wa kilo 10 anafika kikomo kwa mililita 70, kikombe kimoja cha kahawa ya barazani. Gozi (vitambaa vya kufyonza damu) chache zilizolowa zinatosha, na hakuna anayezihesabu kama damu.

Kituo cha pili huanza kwa kila mtu kutaja jina na kazi yake. Hiki ndicho kipengele kinachochekwa zaidi, na sisi tunakiona cha thamani sana. Muuguzi aliyekwisha kutoa sauti mara moja mbele ya bingwa ni rahisi kuitoa tena pale anapoona mguu unaosafishwa ni wa kushoto na faili linasema kulia. Asiyetamka kitu toka mwanzo hunyamaza hadi mwisho.

Kisha antibiotiki. Cefazolin gramu 2 kwa mtu mzima huingizwa mshipani ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Nusu ya dawa hiyo huondoka kwenye damu kwa takriban saa 2. Ikichomwa wodini saa 12 asubuhi na kisu kikapita saa 6 mchana, iliyobaki ni kama moja ya nane. Upasuaji ukidumu zaidi ya saa 4, au damu ikipotea zaidi ya mililita 1,500, dozi irudiwe. Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, dawa ipite kabla ya ngozi kukatwa. Desturi ya kungoja kitovu kibanwe imepitwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni njia ya dawa yenyewe: inakaa wodini, au ndugu ametumwa famasia, analeta mgonjwa akiwa tayari mezani. Dozi ikae thieta, ichomwe na mtaalamu wa usingizi, saa iandikwe ubaoni. Siku tano za sindano baada ya upasuaji safi haziwezi kufidia dozi iliyokosa wakati wake. Zinachofanya ni kuzoesha vijidudu dawa.

Kuhusu usafi wa vyombo tutakuwa wafupi. Tepu ya otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, iliyobadilika rangi inasema nje ya kifurushi palipata joto, basi. Kiashirio kikae katikati ya kifurushi, kisomwe kwa sauti kinapofunguliwa. Kifurushi kilicholowa kirudishwe hata kama kimepita nyuzi 121 kwa dakika 30, kwa kuwa unyevu huvuta vijidudu kutoka nje.

Kituo cha tatu ni hesabu ya gozi, sindano na vyombo. Mwaka 2003 Gawande na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 54 waliosahauliwa vitu mwilini. Asilimia 69 ya vitu hivyo zilikuwa gozi. Hatari ilipanda katika upasuaji wa dharura na pale mpango ulipobadilika katikati. Na palipohesabiwa, mara nyingi hesabu ilikuwa imetangazwa kuwa imetimia. Kuhesabu kwa mazoea, basi, hakulindi.

Hesabu inayolinda hufanywa na watu wawili, wote wakiona, kwa sauti, gozi zikitenganishwa moja moja. Hufanywa kabla ya kuanza, kabla ya kufunga tumbo, na kabla ya kufunga ngozi. Pakiti ikifunguliwa ikakutwa na gozi nne badala ya tano, pakiti nzima itolewe chumbani. Asiyefanya hivyo atabeba kosa la kiwandani hadi mwisho wa upasuaji. Muuguzi akibadilishwa zamu katikati, hesabu ianze upya. Gozi isikatwe vipande ikiwa mezani. Na hapa Bohari ya Dawa inahusika moja kwa moja: gozi inayokatwa kwenye roli haina uzi unaoonekana kwa eksirei. Ikipotea tumboni, picha haitaionyesha. Roli ibaki kwa vidonda vya wodini. Ndani ya tumbo iingie gozi yenye uzi, na ile kubwa iwe na mkia unaoshikwa kwa koleo nje ya jeraha.

Mheshimiwa, hata haya yote yakitimia, Wizara haitajua kama watu wanapona, kwa sababu tunachorekodi huishia mlangoni mwa thieta. Utafiti mkubwa wa Afrika uliochapishwa 2018, wa nchi 25 na hospitali 247, ulikuta asilimia 2.1 ya wagonjwa walifariki. Kati ya 239 waliokufa, 225 walikufa baada ya siku ya upasuaji. Kisu kilikwisha; mtu akafa siku zilizofuata.

Aliyelisema hili zaidi ya miaka mia iliyopita ni daktari mpasuaji Ernest Codman wa Boston. Akiwa bado mwanafunzi, yeye na mwenzake Harvey Cushing walianzisha karatasi za kuandika mapigo na pumzi za mgonjwa aliyevutishwa etha, dawa ya usingizi ya wakati huo. Baadaye alidai kila mgonjwa awe na kadi ya matokeo, afuatiliwe hata mwaka mzima, na panapokuwa na kosa litajwe chanzo chake: ujuzi, uamuzi, vifaa au utambuzi wa ugonjwa. Mwaka 1914 alijiuzulu Massachusetts General Hospital, mahali ambapo vyeo vilipandishwa kwa ukongwe badala ya matokeo. Katika hospitali yake ndogo, kati ya 1911 na 1916, walitoka wagonjwa 337, naye akachapisha makosa 123 kwa hiari yake. Wenzake hawakumsamehe. Alikufa 1940, na kaburi lake halikuwa na jiwe la jina hadi 2014.

Tunachoomba kinafuata hapo. Usimamizi shirikishi uache kuhesabu fomu. Kila robo mwaka, muuguzi wa thieta kutoka hospitali jirani akae chumbani kwa upasuaji kumi, mitatu kati yake ya usiku, na aandike mambo matano tu: wote walisimama kusikiliza? Majina yalitajwa? Antibiotiki ilipita saa ngapi, na kisu saa ngapi? Oksimita ilisikika? Hesabu ilifanywa na wawili kwa sauti? Tunajua watu hujirekebisha wakitazamwa. Hata hivyo, mapengo ya vifaa hayafichiki mbele ya mgeni, na hayo ndiyo tunayataka yafike mezani kwako.

Rejista ya upasuaji ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, iongezwe safu moja ya siku ya 30: hai, amefariki, kidonda kimetunga usaha, amerudishwa thieta, hajapatikana. Simu moja kwa mgonjwa au ndugu inatosha. Vocha hiyo iwe kwenye bajeti ya kituo, isitoke mfukoni kwa muuguzi. Takwimu zisitumike kupanga hospitali kwa nyota, maana zitaanza kupikwa mwezi wa kwanza. Hospitali ya rufaa inayopokea matumbo yaliyopasuka usiku itakuwa na vifo vingi kuliko kituo cha afya, na hiyo pekee haisemi nani mzembe.

Mwisho, waraka. Leo muuguzi akisema gozi moja haionekani, na daktari akasema "funga tu", hana kifungu cha kushika. Tunaomba waraka wa Wizara, kwa pamoja na TAMISEMI, useme hivi: hesabu isipotimia, ngozi haifungwi hadi jeraha, sakafu na ndoo za taka vitafutwe, agizo la kufunga kabla ya hapo halina nguvu, awe nani aliyelitoa. Ikiwa hali ya mgonjwa hairuhusu kungoja, afungwe, lakini palipo na eksirei apigwe picha kabla hajatoka thieta, na jina la aliyeamua liandikwe pamoja na saa.

Wako katika huduma,

Wauguzi wa vyumba vya upasuaji, wataalamu wa usingizi na madaktari wapasuaji

Nakala:
Waziri wa Nchi, OR-TAMISEMI
Mganga Mkuu wa Serikali
Bohari ya Dawa