Kwa nini hatuungi koili ya shawa iliyokatika

Baridi ya Juni ikishaingia Arusha, lawama ni ile ile: "Fundi, umenipiga. Koili tu ndiyo imekatika, jirani kaungiwa kwa elfu tano, wewe unataka elementi mpya na bado unanitajia waya." Wiki iliyopita mteja mmoja kayasema hayo dukani kwetu, kwa sauti, mbele za watu, akaondoka. Tunamheshimu. Ila bei ile hatuipunguzi, na hesabu yake hii hapa. Koili ni ule waya wa ndani ya elementi unaopasha maji ya shawa ya umeme.

Tazama kibandiko cha shawa yako. Nyingi zimeandikwa 220V, 5500W. Gawanya wati kwa volti, unapata ampea 25. Halafu gawanya volti 220 kwa hizo ampea 25, unapata omu 8.8. Huo ndio ukinzani wa koili, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, na ndiyo namba tunayoitafuta tukishazima breka na kuweka mita ya kupimia kwenye ncha zake mbili. Ukinzani wa koili ya nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromu) haubadiliki sana ikipata moto, kwa hiyo hata ikiwa baridi mita inasema kweli. Balbu ya zamani ya uzi haipimwi hivyo: ikiwa baridi, ukinzani wake ni mdogo mno kuliko ikiwa inawaka.

Sasa njoo kwenye kuunga. Kipande kilichoungua kinakatwa, ncha zinavutwa, zinasokotwa pamoja. Koili imekuwa fupi. Tuseme zile omu 8.8 zimebaki 7. Volti ni zile zile 220, kwa hiyo ampea zimepanda hadi 31.4, na wati, yaani 220 mara 31.4, zinakaribia 6,900. Maji yanatoka ya moto kuliko siku shawa ilipokuwa mpya! Mteja anafurahi, anamsifu fundi. Kinachoumia hakionekani, maana ni waya uliomo ukutani. Na pale pa kuungia, kwa kuwa pamegusana vibaya, panazidi kupata moto mpaka panakatika tena.

Tuliitwa kwenye gesti moja upande wa Sakina. Koili ilikuwa imeungwa, breka ikaanza kuruka kila mgeni akioga, mwenye nyumba akashauriwa aweke breka kubwa zaidi. Akaweka ya ampea 40. Ikatulia, naye akadhani amepona. Breka ipo kwa ajili ya kulinda waya, na waya wenyewe ulikuwa wa 2.5 (unene wa shaba kwa milimita za mraba), umepita darini juu ya mbao. Tulipofungua, konekta ilikuwa imeyeyuka na plastiki ya waya imegeuka mkaa mpaka ndani ya ukuta. Tukavuta waya mpya vyumba vyote vya upande ule. Kwa pesa iliyomtoka angenunua elementi za shawa zote za gesti na ikabaki.

Wengine wanataka shawa ichukue umeme kwenye waya wa taa, eti uko karibu. Waya wa taa kwa kawaida ni wa 1.5. Mita 20 kwenda na 20 kurudi, shaba ya unene huo ina omu kama 0.48. Zidisha kwa ampea 25: volti 12 zimepotea njiani. Volti 12 mara ampea 25 ni wati 300 zinazopasha moto ukuta wako, na zote umezilipia kwenye LUKU. Waya wa 6, kwa umbali ule ule, una omu kama 0.12, kwa hiyo unapoteza volti 3 na wati 75 tu. Ndiyo maana tunavuta waya wa 6, shawa tunaipa breka yake yenyewe ya 32, na arthi, waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, hatuiruki hata mteja akisema haina kazi. Koili ile inakaa ndani ya maji unayojimwagia.

Kuna na mzee mmoja wa Ngaramtoni aliyetupigia simu kwa hasira, akisema tumemwekea elementi feki, maji ni ya uvuguvugu. Tukarudi saa moja jioni, wakati kila nyumba inapika na kuoga. Mita ikasoma volti 176. Gawanya kwa 8.8, ni ampea 20. Zidisha 176 kwa 20, ni wati 3,520 kati ya zile 5,500 alizonunua. Tukazima, tukapima koili mbele yake: omu 8.8, nzima kabisa. Umeme mdogo wa jioni ndio uliompunguzia joto, na dawa ya haraka ilikuwa kupunguza maji ya bomba ili yapite taratibu. Safari ile hatukumtoza kitu. Lakini fundi asiye na mita angemuuzia elementi nyingine, au angeikata ile nzima iwe fupi ili maji yachemke, halafu alfajiri volti zikirudi 220, ampea zingepanda kupita kiasi.

Kwa hiyo ukituita, tutumie kwanza picha ya kibandiko cha shawa na picha ya breka yake namba ikionekana, utuambie na umbali wa bafu kutoka kwenye boksi la breka. Bei tunakupa kabla hatujatoka dukani. Elementi ya zamani tunakuachia mkononi, uipeleke kwa fundi yeyote aipime.