Neno lako kwamba ndoa ni ndoa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima na masomo ya sheria yanaendelea. Uliniambia kwenye simu, "Ndoa ni ndoa popote ilipofungwa," na simu ikakatika kabla sijajibu. Neno hilo limenikaa kichwani wiki nzima.

Kuna mume na mke waliooana Malta, wakahamia Algeria enzi za utawala wa Ufaransa. Mume alinunua ardhi huko, kisha akafariki. Mjane akadai haki ya kutumia robo ya ardhi ile. Sasa sikiliza, Baba. Dai lake likiitwa la mali ya wanandoa, inafuatwa sheria ya Malta walikoanzia maisha, naye anapata. Likiitwa la mirathi, inafuatwa sheria ya mahali ardhi ilipo, yaani ya Kifaransa, ambayo haikumpa mjane fungu hilo. Hakuna aliyebisha kwamba alikuwa mke halali! Mwaka 1889 mahakama ya rufaa ya Algiers ikasema ni mali ya wanandoa. Nilipofika hapo nilishusha pumzi kana kwamba namjua yule mama.

Kibaya zaidi ni ndoa yenyewe kunyimwa jina. Mwaka 1866 Mwingereza aliyeoa Utah, Marekani, kwa taratibu za dhehebu la Wamormoni aliomba talaka Uingereza. Mke wake alikuwa mmoja tu, lakini jaji, aliyekuja kuitwa Lord Penzance, alikataa kumsikiliza, kwa kuwa ndoa ya kule iliruhusu wake wengi. Baadaye mahakama za Uingereza zilikubali ndoa za namna hiyo katika mambo kama uhalali wa watoto. Ila mke aliyetaka talaka au matunzo alifungiwa mlango mpaka Bunge lilipobadili sheria mwaka 1972. Ndoa ileile, kwa mtoto ipo, kwa mama yake haipo. Linaniuma sana hilo.

Kwa maoni yangu, jaji asianze na maana ya neno katika sheria ya kwao. Aulize kwanza haki inayodaiwa ilikuwa inamlinda nani kule ilikotoka, na dhidi ya nini.

Mwalimu ametutaka tuandike upya hukumu ya mjane wa Malta. Yangu nimeianza kwa neno lako.

Msalimie sana Mama na wadogo zangu.

Mwanao akupendaye